Choo cha Mtani

Mimi ni bwana afya. Cheti changu kinasema "afisa afya ya mazingira", na mwanzoni nilikuwa namsahihisha kila aliyeniita bwana afya, mpaka nikachoka. Kazi yangu ni kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Chuoni tulifundishwa kwa maneno marefu, lakini ukifika uwandani unakuta mambo ni matatu tu: maji, mikono na choo. Nilisoma miaka mitatu, nikavaa joho, baba yangu akachinja mbuzi kambini kwetu Korogwe, majirani wakala wakashiba, halafu serikali ikaniletea barua ya kwenda kuchungulia vyoo vya watu.

Kambi yetu ni ya mkonge. Babu yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akasema atakaa misimu miwili, akazikwa pale pale. Mama ni Msambaa wa Vugiri. Tabora kwenyewe sijafika hadi leo, na Kinyamwezi ninachokijua hakitoshi hata kuombea maji. Lakini kabila ni la baba, kwa hiyo mimi ni Mnyamwezi, na nilikuwa sijawahi kuona kama jambo hilo lina faida au hasara yoyote. Nililiona Handeni.

Nilipangiwa kata moja upande wa Kwamsisi. Kijiji nilichokaa sikitaji, kwa sababu wenyewe wapo na wana simu. Unashuka Mkata, unapanda bodaboda, unakula vumbi mpaka meno yanakuwa mekundu. Kabla sijaondoka wilayani, bosi wangu aliniita ofisini. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, anayependa kukunja karatasi ndogo ndogo huku akizungumza. Aliniambia kijiji kile kinachota maji kwenye lambo, kwamba masika yaliyopita kata ya jirani ilipata kipindupindu, na kwamba mimi niko kwenye majaribio ya mwaka mmoja.

"Kijana, masika haya akitokea mgonjwa mmoja kijijini kwako," akasema, akikunja, "barua ya kuthibitishwa kazini usije kuiulizia hapa."

Sikujua kama kanuni zinamruhusu kusema hivyo. Nilichojua ni kwamba mwenye kusaini ni yeye. Nikaondoka nikiwa na rejista mpya, kalamu nne, kofia nyeupe niliyonunua mwenyewe ili nifanane na mtaalamu, na hofu ya kurudi kambini kwa baba, ambaye mbuzi wake alikuwa ameshaliwa.

Mkutano wangu wa kwanza ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Watu walikuja wengi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzigua wa makamo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alinitambulisha kwa heshima zote, kisha akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi.

"Korogwe," nikasema.

"Korogwe ya nani? Msambaa wewe?"

"Mama ndiye Msambaa."

"Hatukuulizi ya mama. Baba?"

Nikasema Mnyamwezi. Nikasema hivi hivi, kama mtu anayetaja namba ya kiatu.

Mkutano mzima ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia aliamshwa ili asipitwe. Na bibi mmoja mfupi, mkavu, anayechechemea mguu wa kushoto, aliinuka mbele kabisa, akanijia polepole, akanivua kofia yangu nyeupe, akaivaa juu ya ushungi wake, akarudi kukaa. Nikangoja airudishe. Mpaka leo sijarudishiwa.

Kwa asiyejua: Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani hakasiriki wala hakasirikiwi. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akaondoka na jogoo wako, na siku ukifa ndiye anayezuia jeneza njiani na kuchekesha waliofiwa. Chake chako, chako chake. Ni udugu mkubwa, na mtu hauchagui, anazaliwa nao. Ila kwa mtu aliyekuja kutoa amri za serikali, ni janga.

Maana mimi nilikuwa na hotuba. Nilifundishwa kwamba ukitaka watu wachimbe vyoo, usiwabembeleze, waambie ukweli mpaka waone kinyaa. Basi nikakohoa, nikawaambia: mnajisaidia porini, mvua inasomba, inapeleka lambo, mnachota, mnakunywa. Ndugu zangu, mnakula mavi yenu wenyewe.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Kaanza!" akasema mmoja. "Huyu Mnyamwezi halali." Nikapandisha sauti, nikasema kipindupindu kitawamaliza nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti akafuta machozi ya kicheko, akanijibu kwa niaba ya wote, "Tukiisha sisi, mtani, nyinyi mtazikwa na nani?" Nikapigiwa makofi. Nilikuwa nimefanya mambo mawili tu ambayo mtani hutakiwa kuyafanya, kutukana na kutabiri vifo, na nilikuwa nimeyafanya vizuri kuliko watani wote waliopata kupita pale. Katika ripoti yangu ya mwezi ule niliandika kwamba wananchi walipokea elimu kwa furaha.

Nina hasira za karibu, mama yangu ni shahidi. Kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyonipenda. Nilimwandikia bwana mmoja mwenye duka ilani rasmi, yenye muhuri, kwamba achimbe choo bora badala ya kile chakavu cha baba yake, ndani ya siku thelathini. Akaibandika dukani kwake juu ya magunia ya unga, akawa anawasomea wateja. Waliohitaji chumvi walisubiri mpaka aya ya mwisho. Wafugaji wa upande wa pili wa lambo ndio pekee walionisikiliza kimya, wameegemea fimbo zao, hawacheki, nikajisemea angalau hawa nimewapata. Nilipomaliza, mzee wao akashauriana na wenzake kwa Kimaasai, kisha akaniuliza kwa adabu kama ng'ombe nao wachimbiwe, na vipimo vya tundu la ng'ombe ni vipi. Nikamwahidi nitamletea jibu kutoka wilayani. Nadhani bado analisubiri.

Faraja yangu ilikuwa moja. Chumba nilichopanga kilikuwa kwa yule yule bibi aliyenipora kofia, na bibi yule alikuwa na choo bora kuliko cha mwenyekiti. Sakafu ya saruji, bati jipya, mlango wa mbao wenye kufuli, tundu lenye mfuniko na mpini. Siku ya kwanza kufungua rejista, kaya ya kwanza niliyoiandika ilikuwa yake, na kwenye safu ya "choo bora" nikaweka vema kubwa ya wino wa bluu. Alinipa ufunguo mmoja, wa pili akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo bibi," naye hujibu, "Marahaba mume wangu, umeamka salama na uso huo huo?" Aliniita mume wangu tangu siku ya kwanza, mbele ya kila mtu. Kwa mtani na kwa bibi, hilo ni neno la kawaida. Bosi wangu baadaye hakuliona la kawaida, lakini tutafika huko.

Bibi alikuwa na jembe lililosimama ukutani karibu na mlango wa jiko. Kila alfajiri, kabla sijafunga vifungo vya shati, namwona analitwaa na kuchechemea kuelekea porini, upande wa bondeni.

"Wapi, bibi?"

"Kuchimba muhogo, mume wangu. Wewe utakula rejista?"

Nilimsifu moyoni. Umri ule, mguu ule, na bado analima. Nilichelewa sana kutambua kwamba kwa miezi mitatu sikuwahi kuona muhogo hata mmoja ukiingia jikoni. Tulikuwa tunakula ugali. Asubuhi moja alirudi na jembe lake na mikono mitupu, nikamuuliza muhogo uko wapi.

"Bado haujakomaa."

"Miezi mitatu unakwenda kuuangalia?"

"Muhogo unataka subira," akasema, akaingia jikoni.

Mtu aliyesoma miaka mitatu habari za kinyesi alipaswa kuelewa mapema. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama jembe, nikatazama bonde, nikatazama lambo lililo chini ya bonde, nikatazama kile choo cha saruji, kizuri, chenye kufuli. Kisha nikamfuata jikoni.

Nilipombana sana, alinigeukia na uso wa mtu anayelazimishwa kusema jambo la aibu mbele ya mjinga. Choo kile, akaniambia, kilichimbwa na mkwe wake, mume wa binti yake. Alikuja likizo, akachimba kwa mikono yake mwenyewe, akajenga, akaezeka. Na akija kutembea hukaa humo humo. "Sasa mimi nikae alipokaa mkwe wangu? Nivue nguo juu ya jasho la mkwe? Watu wanionaje?"

"Kwa hiyo choo hiki ni cha nani?"

"Chako na cha mkwe wangu."

Nilirudi chumbani nikafungua rejista. Nikaanza kuzunguka kaya kwa kaya, safari hii siulizi kama choo kipo, nauliza anakwenda nani. Nikawakuta akina mama wakwe waliojengewa na wakwe zao, na wake wa wana wasioweza kupita mlango mmoja na baba mkwe, na wazee wasioweza kukaa pale anapokaa mke wa mtoto wao. Kwenye mji wa kaya moja, wenye choo kimoja na watu wanane, wanaokwenda walikuwa wawili. Waliobaki wote walikuwa na shamba la muhogo bondeni. Bluu yote ile niliyoipaka kwenye rejista ilikuwa uongo, na mwenye kuusaini uongo huo nilikuwa mimi. Wiki ile ile ilikuja taarifa kwamba kata ya jirani imeshapeleka wagonjwa wa kuhara kituo cha afya. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa bahari.

Niliogopa. Nasema kweli, nilimuogopa kwanza bosi na barua yake. Lakini jioni ile nilimwona bibi amekaa anakunywa maji ya lambo kwa kata ya kibuyu, taratibu, na kofia yangu kichwani, nikatambua kwamba kuna kitu kingine ninachokiogopa zaidi. Mtu wa umri ule kipindupindu hakimpi hata siku mbili.

Kesho yake alfajiri alipotwaa jembe, nilimzuia mlangoni. Nilimwambia leo huendi. Akasema nimpishe. Nikasema sikupishi. Akasema, "Mume wangu, utanikosesha heshima hapa hapa." Na hapo hasira ikanipanda, nikasema maneno ambayo sikuyapima. Nilimwambia: kama choo hukitaki, basi nimekiteka. Kuanzia leo ni changu. Saruji yangu, bati langu, tundu langu. Na huyo mkwe wako akija ataniomba mimi ruhusa. Nikaokota kipande cha mkaa jikoni, nikaenda nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: CHA MTANI.

Nilitegemea anitukane. Bibi alisimama ameegemea mpini wa jembe, anasoma mlango, ingawa kusoma hajui. Akaniuliza nimeandika nini. Nikamwambia. Akaniuliza tena, pole pole, kama anayehakikisha bei, "Umekiteka?"

"Nimekiteka."

Akageuka akapaza sauti kwa jirani, ukuta wa pili, "Jamani, Mnyamwezi kaniteka choo."

"Salama tu," jirani akajibu. "Ndiyo kazi yao."

Bibi akalirudisha jembe ukutani. Siku ya pili alfajiri nilitoka chumbani na kopo langu la maji, nikakuta mlango wa choo umefungwa kwa ndani. Nikabisha. Sauti ya bibi ikaniambia ningoje zamu. Nilisimama nje na kopo mkononi, baridi inanipiga, tumbo linanisumbua, na sijapata kufurahi namna ile kazini tena.

Baadaye alinieleza, akistaajabu kwamba shule haikunifundisha. Cha mkwe kina aibu. Cha mtani hakina. Kwa mtani mtu anakula, anatukana, anavua viatu, anakaa. Choo cha mkwe kikitekwa na mtani si cha mkwe tena. "Ungekiteka tangu ulipofika," akasema. "Mguu huu umeteseka bure."

Siku ya tatu alikuja yule bwana wa duka, mwenye ilani yangu ukutani. Alizunguka sana, akauliza habari za Korogwe, akauliza mvua. Mwishowe akasema kwake kuna kile choo cha baba yake, na mke wake, na unajua tena. "Sasa, mtani, kama utapita kule, ukawa na mkaa wako."

Nilipita. Niliteka choo chake, mke wake amesimama nyuma ya jiko anachungulia. Jioni nikaitwa mji mwingine. Wiki hiyo niliteka vyoo mpaka mkaa ukaisha nikahamia chaki. Kila mahali mwenye mji alilalamika kwa sauti, kama inavyompasa mtu anayeporwa, "Jamani huyu mtu ataniacha na nini?" huku akinionyesha njia ya kufikia kingine. Wasio na choo walianza kuchimba, maana ilikuwa aibu mtani apite mjini kwako akose cha kuteka. Mwenye duka alichimba cha pili. Kwa muda wa mwezi mmoja nikawa mmiliki wa vyoo thelathini na kitu, na sina hata kiwanja.

Umiliki nao una adha yake. Nilikuwa sijalifikiria hilo. Siku moja, nanywa chai, mama mmoja akanijia juu, amefura. "Choo chako kimeingia nyoka. Unangoja nini?" Nikaenda na fimbo. Mwingine akanitumia ujumbe kwamba mlango wangu umelegea bawaba. Mzee mmoja alinisimamisha barabarani mbele ya watu akaniuliza ninajisikiaje mtu mzima kuwa na choo kinachovuja bati. Nilipiga misumari, nikakandika udongo, nikamwaga majivu. Lakini nami nikawa na sauti, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kwenye choo changu, nikatangaza, hakuna atakayetoka bila kunawa. Nikafunga kibuyu chirizi kwenye kila mlango: kibuyu cha maji, kamba, kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kinachoning'inia. Amri ya serikali waliichekea. Amri ya mwenye nyumba waliishika, kwa sababu kwenye mji wa mtu unafuata ya mji ule. Bibi alijifanya msimamizi wangu. Akimwona mtu ametoka hajanawa, humrudisha kwa kidole, bila kusema.

Masika yalifika. Kata ya jirani iliendelea kupeleka wagonjwa. Kwetu sikulala vizuri hata usiku mmoja, kila aliyekohoa nilimtazama tumbo.

Kumbe kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiandika. Mtendaji wa kijiji alikuwa mgeni kama mimi, mtu wa mikoa ya mbali ambako utani huu haujulikani. Yeye alichokiona ni kijana wa serikali anayepita miji ya watu, anaandika kwenye milango, na wananchi wanalia wameporwa. Alifanya alichopaswa kufanya. Nikaletewa barua kutoka wilayani, yenye muhuri kuliko ilani zangu zote, ikinitaka nitoe maelezo ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kosa la kujimilikisha vyoo vya wananchi.

Niliandika maelezo mara tatu. Jaribu wewe. Ya kwanza yalianza, "Ni kweli nimeteka vyoo." Nikayachana. Ya pili yalieleza misafara ya Wanyamwezi kurasa mbili. Ya tatu niliyaacha yote hayo, nikaandika tu kwamba namwomba bosi afike ajionee, na nikayatuma nikijua baba atakuwa ananingoja Korogwe kwenye mlango wa kambi.

Bosi alifika na gari limejaa matope mpaka madirishani. Mtendaji akamwongoza, mimi nyuma, kijiji kizima nyuma yangu. Alisoma mlango wa kwanza: CHA MTANI. Wa pili: CHA MTANI. Wa kumi. Alikuwa ameshaanza kukunja karatasi. Tulipofika kwa bibi akamwamkia vizuri, akavuta kigoda, akamuuliza, "Mama, hiki choo ni cha nani?"

"Cha mume wangu."

"Yuko wapi mume wako?"

Bibi akaninyooshea kidole. Bosi akanitazama mimi, akamtazama bibi aliyevaa kofia ya mtaalamu juu ya ushungi, akaandika kitu kwenye daftari lake kwa muda mrefu. Mwenyekiti akajaribu kueleza habari za utani, mwenye duka akamsaidia, mama wa nyoka akaongeza la kwake, na kwa jinsi wote walivyokuwa wakilalamika kwa sauti moja kwamba nimewamaliza, nikaona kazi yangu imekwisha.

Kilichoniokoa ni barabara. Kutoka wilayani ni mbali, na bosi alikuwa amekunywa chai njiani. Aliuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kutumia choo. Akamuuliza bibi. Bibi akasema, "Muombe mwenyewe." Ikabidi bosi wangu wa wilaya anigeukie, mbele ya kijiji, na kuniomba. Nikampa ufunguo. Alipotoka alielekea moja kwa moja kwenye kigoda chake, na bibi akainua kidole, akakielekeza kwenye kibuyu. Bosi akarudi. Akakanyaga kijiti, akanawa. Bibi akatikisa kichwa. Akanawa tena, kwa sabuni.

Alinichukua pembeni kwenye gari. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajapata kurudishwa kunawa. Alisema nirudishe vyoo vyote kwa maandishi, kila mwenye mji aweke dole gumba, kwa sababu faili lazima lifungwe. Nikamwambia nikivirudisha watarudi porini. Alikunja karatasi yake mpaka ikawa haina pa kukunjwa.

"Nimesema kwa maandishi," akasema. "Milango sikuitaja."

Nikaandika hati, watu wakaweka dole gumba. Bibi aliweka la kwake, akajifuta wino kwenye shati langu, akawatangazia majirani kwamba Mnyamwezi amerudisha karatasi. Choo bado. Masika yakaisha, na kijijini kwetu hakutokea mgonjwa hata mmoja. Mwishoni mwa mwaka ikaja barua ya kuthibitishwa, mistari minne, haikutaja vyoo. Nikamsomea bibi. Akaniuliza kama ndiyo ile niliyokuwa nikiililia. Nikasema ndiyo. Akasema ni fupi.

Nikahamishiwa Korogwe baada ya hapo. Siku hizi nazunguka mpaka Vugiri kwa wajomba zangu, ambako mimi si mtani wa mtu, nasikilizwa kwa heshima na hakuna kinachofanyika. Ufunguo wa choo cha bibi niliondoka nao. Nilikusudia kuurudisha, halafu nikawa nao tu, kwenye funguo zangu, pamoja na wa ofisi na wa pikipiki. Kila nilipompigia simu aliniuliza ninapeleka lini bati jipya kwenye mali yangu.

Mwaka huu alipiga mwenyekiti. "Mtani, njoo," akasema. "Mkeo ametutangulia." Haukuwa ugonjwa wa kwenye rejista zangu. Ulikuwa uzee tu, alilala akapitiliza.

Nilifika wakati wa mazishi, nimelowa mvua, na nilitaka kukaa pembeni nimlie bibi yangu. Hawakuniruhusu. Mtani halii msibani, wakaniambia, mtani ana kazi. Mwenye duka akaniletea lile jembe. Basi nikafunga kanga kichwani, nikalibeba jembe begani, nikachechemea mguu wa kushoto mbele ya waombolezaji nikielekea bondeni kuchimba muhogo, nikageuka nikawaambia bado haujakomaa. Binti zake walicheka huku machozi yanawatoka. Shehe alitazama chini mpaka mabega yake yakatulia. Nilifanya kazi yangu yote, nikazuia jeneza, nikadai kofia yangu, nikaambiwa ameondoka nayo.

Siku ya tatu ya matanga, alfajiri, nilikuwa najaza maji kwenye kibuyu kile cha mlangoni. Maandishi yangu ya mkaa, mtu alikuwa ameyarudia kwa rangi ya mafuta. Nikamwona mkwe, yule yule aliyekichimba, sasa ana mvi ndevuni. Tulikuwa tumeonana mara moja au mbili tu. Alipita taratibu ukutani, akalitwaa jembe.

"Shikamoo mzee. Wapi mapema hivi?"

"Marahaba. Naangalia muhogo."

Ilinichukua muda, kama kawaida yangu. Bibi alipoanza kukitumia choo, mkwe naye alikiacha: nilikuwa nimetamka kwamba akija aniombe mimi ruhusa, na kuomba ruhusa ya kukaa alipokaa mama mkwe wake asingeweza. Miaka yote ile, kila alipokuja kutembea, mtu huyu aliyechimba choo bora kuliko vyote kijijini alikuwa anakwenda bondeni na jembe. Mimi nilikuwa nimehamisha tu aibu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na hakuwahi kuniambia neno.

Nikachomoa ufunguo kwenye funguo zangu nikampa. Nikamwambia choo nimekirudisha, safari hii si kwa karatasi. Aliutazama kiganjani, akanipa jembe, akaingia, akafunga mlango.

Nikabaki nje na jembe la bibi, na hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mtani mzima. Mkwe alipotoka alinikuta hivyo. Alikanyaga kijiti, akanawa mikono, akasubiri nifute macho nimwone vizuri, akachukua sabuni akanawa tena.